Namba Isiyo ya Wakati Wake: Hitilafu ya Muda katika Programu Endeshi ya Kipima Oksijeni

Utangulizi

Mgonjwa wa homa ya mapafu anapofikishwa wodini, awe ametoka Ngaramtoni, Usa River au katikati ya Jiji la Arusha, miongoni mwa namba za mwanzo anazozitafuta tabibu ni kiwango cha oksijeni katika damu. Kihisi hubanwa kidoleni, na baada ya sekunde chache skrini huonyesha namba mbili: asilimia ya oksijeni na mapigo ya moyo kwa dakika. Kwa namba hizo huamuliwa nani apewe oksijeni, nani asubiri, nani apelekwe chumba cha uangalizi maalumu.

Kati ya kidole na skrini, hata hivyo, pana safari. Mahali ambapo kifaa kimeunganishwa na kompyuta ili muuguzi mmoja aweze kuwaangalia wagonjwa kadhaa kutoka mezani pake, namba hupita katika waya, katika hifadhi ndogo ya kielektroniki, kisha katika programu maalumu inayozipokea. Programu hiyo huitwa programu endeshi. Mafundi wengi huiita draiva. Ikikosea muda wake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, namba inayofika skrinini inaweza kuwa ya zamani, au ikawa namba ya jambo jingine kabisa.

Somo hili limekusudiwa kwa matabibu, wauguzi, mafundi wa vifaa tiba na wanafunzi wa fani hizo. Baada ya kulisoma, msomaji aweze: (a) kueleza namna kifaa tiba kinavyowasiliana na kompyuta; (b) kutambua dalili za hitilafu ya muda akiwa kando ya kitanda; (c) kufuata hatua za uchunguzi wa hitilafu hiyo; na (d) kueleza kanuni za kuirekebisha kwa usalama.

1. Kwa nini muda ni suala la tiba

Tabibu hahitaji kufundishwa kwamba muda una maana. Moyo wenyewe ni kifaa cha zamu. Umeme huanzia katika chumba cha juu cha kulia, husambaa katika vyumba vya juu, kisha husubiri takriban sehemu ya kumi ya sekunde kwenye kituo kilichoko kati ya vyumba vya juu na vya chini, ili vyumba vya chini vipate kujaa damu kabla ya kubana. Misuli ikiwa mizima na mishipa ikiwa wazi, lakini zamu hiyo ikavurugika, mgonjwa anaweza kuzirai. Ugonjwa haumo katika kiungo, umo katika mpangilio wa wakati.

Kipima oksijeni nacho kimejengwa juu ya zamu. Msingi wake uliasisiwa na mhandisi Takuo Aoyagi wa Japani katika miaka ya mwanzo ya 1970. Kihisi hutoa nuru za aina mbili, nyekundu na ile isiyoonekana kwa macho iliyo jirani ya nyekundu, na huziwasha kwa kupokezana mara nyingi katika kila sekunde. Upande wa pili wa kidole kuna kipokeaji kimoja tu, ambacho hujua nuru ipi ni ipi kwa zamu yake. Uwiano wa nuru hizo, kadiri damu ya mishipa inavyodunda, ndio unaogeuzwa kuwa asilimia. Uwiano ukiwa moja kamili, kifaa huandika takriban 85. Ndiyo maana wagonjwa wenye kelele nyingi za mtikisiko huweza kusomeka karibu na 85 ingawa hali yao ni tofauti: kelele huziingia nuru zote mbili kwa kiasi kimoja na kuuvuta uwiano kuelekea moja.

Hapa kwetu kuna sababu ya ziada ya kuijali namba hii. Jiji la Arusha liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya Tanga au Dar es Salaam. Vijiji vya miteremko ya Meru viko juu zaidi, na kilele cha mlima huo kinapita mita 4,500. Mtu mwenye afya huishi vizuri katika mwinuko wa Arusha, na kiwango chake cha oksijeni hupungua kidogo tu. Lakini akiba yake ni ndogo kuliko ya mtu wa pwani. Mapafu yanapougua, hufika mapema zaidi kwenye ule mteremko mkali wa mchoro wa oksijeni, ulio chini ya asilimia 90, ambapo upungufu mdogo wa kanieneo huleta anguko kubwa la oksijeni. Namba inayochelewa au inayodanganya katika eneo hilo ina gharama.

2. Namna kifaa na kompyuta vinavyoongea

Vifaa vingi vya wodini bado hutumia mawasiliano ya mfuatano, yaani biti moja hufuata nyingine katika waya mmoja. Hakuna waya wa pili unaobeba mapigo ya saa ya pamoja. Kifaa kina saa yake, kompyuta ina saa yake, na mapatano yao ni kasi tu. Tuseme wamepatana biti 9,600 kwa sekunde. Kila biti basi hukaa katika waya kwa mikrosekunde 104. Herufi moja, tunayoiita baiti, ina biti nane za habari, biti moja ya kuanzia na moja ya kumalizia. Jumla ni biti kumi, na muda wake ni milisekunde 1.04.

Tuchukue mfano wa kufundishia wa kipima oksijeni kinachotuma pakiti ya baiti tano, mara 60 kwa sekunde, kwa mpangilio huu:

Baiti ya 1: alama ya mwanzo wa pakiti.
Baiti ya 2: hali ya kihisi.
Baiti ya 3: asilimia ya oksijeni.
Baiti ya 4: mapigo ya moyo.
Baiti ya 5: kimo cha wimbi la mapigo, la kuchorea skrinini.

Ili alama ya mwanzo isichanganywe na nyingine, baiti ya 1 peke yake huwa na thamani ya 128 au zaidi. Nyingine zote huwa chini ya 128. Mapigo yanayozidi 127, kama ya mtoto mchanga, huandikwa kwa kuacha 128 za kwanza na kuweka biti ya ukumbusho ndani ya baiti ya hali. Mapigo 140, kwa hiyo, husafiri kama 12 pamoja na biti hiyo.

Sasa tufanye hesabu. Pakiti moja hutumia milisekunde 5.2 kupita katika waya. Pakiti hufuatana kila baada ya milisekunde 16.7. Kati ya pakiti na pakiti kuna kimya cha milisekunde 11.5. Namba hizi tatu ndizo ufunguo wa somo zima.

Upande wa kompyuta, baiti zinapowasili hutua kwanza katika hifadhi ndogo ya tundu la mawasiliano. Chipu maarufu ya aina ya 16550 ina nafasi za baiti 16. Programu endeshi ni sawa na karani wa masijala: kazi yake ni kuzichukua baiti kabla kisanduku hakijajaa, kuzipanga katika pakiti, na kuzikabidhi kwa programu inayoonyesha namba. Karani akichelewa, baiti inayofuata haina mahali pa kukaa. Haisubiri nje. Inapotea.

3. Kisa cha baiti moja iliyopotea

Programu endeshi inaweza kuandikwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya kuchungulia: programu hulala, huamka baada ya muda fulani, huchungulia kisanduku, huchukua kilichomo, hulala tena. Namna ya pili ni ya kubishiwa hodi: chipu yenyewe hupeleka ishara kwa kompyuta kila baiti zinapowasili, na kompyuta huacha kazi iliyomo mkononi kwa muda mfupi ili kuzipokea. Wataalamu huiita ishara hiyo katizo.

Tuseme mtunzi amechagua namna ya kuchungulia, akaiagiza programu ilale milisekunde 10. Juu ya meza yake kila kitu ni salama: katika milisekunde 10 haziwezi kuingia baiti zaidi ya tano, na nafasi ni 16. Lakini agizo la kulala milisekunde 10 halimaanishi kuamka baada ya 10 kamili. Maana yake ni kutoamka kabla ya 10. Katika mfumo wa Windows, kwa mfano, saa ya ndani kwa kawaida ilipiga kila baada ya takriban milisekunde 15.6, hivyo usingizi wa 10 ulirefushwa hadi pigo linalofuata. Na kompyuta ikishughulika na kazi nzito, kama kuchapa ripoti au kunakili kumbukumbu za siku, usingizi huo unaweza kurefuka zaidi.

Hebu usingizi urefuke hadi milisekunde 52.5 mara moja tu. Tukihesabu tangu kisanduku kilipokuwa kitupu na pakiti mpya ikaanza, pakiti tatu zimeshaingia: baiti 15. Pakiti ya nne huanza kwenye milisekunde ya 50. Baiti yake ya kwanza hutua kwenye milisekunde ya 51 na kujaza nafasi ya 16. Baiti yake ya pili hukamilika kwenye milisekunde ya 52.1. Nafasi hakuna, inapotea. Kisha programu huamka, huchukua zote 16, na kazi huendelea kama kawaida.

Kazi haiko kama kawaida. Mtunzi alidhani baiti tano kamwe hazitapungua, hivyo hakuangalia alama ya mwanzo. Alihesabu tano tano tu. Tangu pakiti ile ya nne, tano zake zimesogea hatua moja. Mahali pa oksijeni pamekaliwa na mapigo ya moyo. Mahali pa mapigo pamekaliwa na kimo cha wimbi.

Tumrudie mgonjwa. Ni mzee mwenye homa ya mapafu, oksijeni yake ni 82 na mapigo yake ni 97. Kimo cha wimbi hupanda na kushuka kati ya 60 na 80. Skrini ya muuguzi sasa inaonyesha oksijeni 97, mapigo 70 na ushei. Hizi ni namba za mtu mwenye afya njema. Kengele ya oksijeni ndogo, iliyokuwa ikilia, imenyamaza. Itanyamaza hivyo mpaka mtu aizime kompyuta na kuiwasha upya, au mpaka baiti nyingine zipotee.

Linganisha na mtoto mchanga mwenye mapigo 140. Hitilafu ileile ingeonyesha oksijeni asilimia 12. Hakuna muuguzi angeiamini namba hiyo kwa mtoto anayelia; angebadilisha kihisi, angeita fundi. Kosa linaloshangaza hujifichua lenyewe. Kosa linalofanana na ukweli ndilo linaloua, na mara nyingi hitilafu za muda huzaa makosa ya aina hii ya pili.

4. Aina nyingine tatu za hitilafu ya muda

Ya kwanza ni kubadilika kwa njia. Kompyuta mpya nyingi hazina tundu la zamani la mawasiliano ya mfuatano, hivyo fundi huweka kigeuzi cha USB. Baadhi ya vigeuzi, vikiwamo vyenye chipu za FTDI, havitoi baiti zinapowasili. Huzikusanya kwanza, na kwa mpangilio wa kiwandani huweza kuzishikilia hadi milisekunde 16. Programu iliyotegemea kile kimya cha milisekunde 11.5 ili kutambua mwanzo wa pakiti haikisikii tena, kwa kuwa mkia wa pakiti moja na kichwa cha inayofuata huwasili pamoja. Programu haikuguswa hata herufi moja, nayo ikaharibika. Tabibu atakumbuka dawa mbili zilizo salama kila moja peke yake.

Ya pili ni ya kugongana. Sehemu moja ya programu huandika namba mpya na nyingine huzisoma. Msomaji akipita katikati ya uandishi, hubeba oksijeni ya sasa na mapigo ya zamani, au kinyume chake. Hutokea mara chache mno, kwa hiyo jaribio la saa moja halitaiona.

Ya tatu ni ya saa kujaa. Programu nyingi huhesabu milisekunde tangu kompyuta ilipowashwa, kwa kihesabio cha biti 32. Kihesabio hicho hufika mwisho baada ya milisekunde 4,294,967,296, yaani takriban siku 49.7, kisha hurudi sifuri. Programu isiyotarajia mruko huo hukosea hesabu ya muda uliopita. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara hitilafu hii hujificha, kwa sababu kompyuta haifikishi siku 49 bila kuzimika. Wodi ikipata betri ya akiba na jenereta nzuri, ndipo hujitokeza, na watu huilaumu betri.

5. Uchunguzi

Hitilafu ya muda huchunguzwa kama ugonjwa wa vipindi: kwanza historia, kisha mwili, kisha vipimo.

Historia. Uliza: ilianza lini? Kitu gani kilibadilishwa kabla yake: kompyuta, waya, kigeuzi, toleo la programu? Hutokea saa ngapi? Huondoka kwa kuzima na kuwasha? Jibu la ndiyo kwa swali la mwisho huashiria kwamba kihisi na mgonjwa hawana hatia, na kwamba kilichoharibika ni hali ya ndani ya programu.

Hapa pana mtego wetu wenyewe. Muuguzi huandika katika daftari kwamba namba iliruka saa 2 usiku. Daftari la matukio la kompyuta huandika 20:00, na kama mtengenezaji hakuweka majira ya Afrika Mashariki, huenda likaandika 17:00. Bila kuziweka saa hizo tatu katika mstari mmoja, fundi atatafuta kosa mahali lisipokuwapo. Kila ripoti ya hitilafu itaje saa ya ukutani, saa iliyoonekana kwenye kifaa, na saa ya kompyuta.

Mwili. Kuna vipimo viwili vya kando ya kitanda visivyohitaji chombo chochote. Kwanza, shika mshipa wa kiganja, hesabu mapigo kwa dakika nzima, ulinganishe na skrini. Katika kisa chetu mkono ungesema 97 na skrini 70 na ushei, tena ikiyumba kwa kila pigo. Pili, linganisha skrini ya kifaa chenyewe na skrini ya kompyuta. Kifaa kikisema 82 na kompyuta 97, tatizo limo njiani. Zote mbili zikikubaliana, rudi kwa kihisi, kidole baridi, rangi ya kucha au mgonjwa mwenyewe. Na wakati wote huo tibu unachokiona: mgonjwa anayepumua kwa tabu, mwenye midomo ya samawati, apewe oksijeni hata skrini ikisema 97.

Vipimo. Fundi hukitenga kifaa na mgonjwa, hukiunganisha na kiigizaji kinachotoa namba zinazojulikana, kisha hunasa kila baiti ipitayo pamoja na muhuri wa wakati wake. Baada ya hapo huilemea kompyuta kwa makusudi: huchapa, hunakili mafaili, hufungua programu nyingi. Hitilafu isiyoweza kuzalishwa tena haiwezi kuthibitishwa kwamba imepona. Chipu ya 16550 humsaidia pia: hisa inapojaa na baiti kupotea, huinua bendera ya kufurika katika rejista yake ya hali. Programu nyingi huiona bendera hiyo na kuipuuza.

6. Urekebishaji

Kishawishi cha kwanza ni kubadilisha namba: usingizi wa milisekunde 10 ufanywe 5, au uongezwe muda wa kusubiri hapa na pale. Waswahili husema haraka haraka haina baraka, na pia husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtunzi anayerekebisha kwa kubahatisha muda huyumba kati ya methali hizi mbili bila kufika. Kompyuta ya mwakani itakuwa na kasi nyingine, na hitilafu itarudi. Tiba sahihi ni kuiondoa dhana yenyewe. Hatua zake ni hizi.

Hatua ya kwanza: badala ya kuchungulia, tumia katizo, ili baiti zichukuliwe zinapobisha hodi. Kazi ndani ya katizo iwe fupi kabisa: kuchukua baiti, kuipiga muhuri wa wakati, kuiweka katika hifadhi kubwa, kuondoka.

Hatua ya pili: hifadhi iwe ya duara na iwe na nafasi ya kutosha. Nafasi 4,096 kwa baiti 300 za kila sekunde hutosha kwa takriban sekunde 13. Lakini hapa tahadhari ni muhimu. Hifadhi kubwa peke yake hugeuza upotevu kuwa ucheleweshaji: namba zote zitafika, ila zitaeleza hali ya mgonjwa ya sekunde 13 zilizopita. Muhuri wa wakati ndio unaoruhusu namba iliyopitwa itupwe.

Hatua ya tatu: kila pakiti itafutwe kwa alama yake. Programu isome mpaka ikutane na baiti ya 128 au zaidi, kisha ihakikishe kwamba nne zinazofuata ziko chini ya 128. La sivyo, pakiti itupwe na utafutaji uanze upya. Kwa kanuni hii, baiti iliyopotea katika kisa chetu ingegharimu pakiti moja tu, yaani sehemu ya sitini ya sekunde, na mgonjwa asingeathirika. Kama mtengenezaji ameweka baiti ya ukaguzi wa jumla, itumiwe pia.

Hatua ya nne: namba za pakiti moja zikabidhiwe kwa pamoja. Anayesoma apate zote mpya au zote za zamani, kamwe asipate mchanganyiko.

Hatua ya tano: namba iwe na uhai wake. Pakiti sahihi ikikosekana kwa sekunde kadhaa, skrini ifute namba, iweke vistari na kupiga kengele. Ni sekunde ngapi? Hilo si swali la mtunzi wa programu peke yake. Ni la daktari wa usingizi, muuguzi wa watoto na mhandisi wakiwa meza moja, kwa sababu kengele inayolia ovyo hufundisha watu kutoisikiliza.

Hatua ya sita: muda uliopita uhesabiwe kwa kutoa wakati wa awali kutoka wakati wa sasa, katika hesabu isiyo na alama ya hasi. Hesabu ya namna hiyo huuvuka mruko wa siku 49.7 bila kosa.

Hatua ya saba: jaribio lirudiwe katika mazingira yaleyale yaliyozalisha hitilafu, chini ya mzigo uleule, kwa saa nyingi. Matokeo yaandikwe, na toleo la programu lipewe namba mpya.

7. Funzo la Therac-25

Anayeyaona haya kuwa mambo ya mafundi tu na aikumbuke Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada walipigwa na mionzi mingi kupita kiasi, na wasiopungua watatu walifariki kutokana na ajali hizo.

Katika kituo cha Tyler, Texas, mwezi Machi na Aprili 1986, chanzo kilikuwa muda. Mtumishi alipochagua aina ya mionzi, sumaku za mashine zilihitaji takriban sekunde 8 kujipanga. Mtumishi mzoefu aligundua amekosea herufi, akairekebisha haraka ndani ya sekunde hizo. Skrini ilionyesha chaguo jipya, lakini sehemu nyingine ya programu ilikwisha kupita na haikuliona badiliko. Mtumishi wa polepole asingeipata hitilafu hiyo kamwe. Mwanafizikia wa kituo, Fritz Hager, pamoja na mtumishi wa mashine, waliirudia kazi ileile mara nyingi mpaka wakaizalisha tena, na hapo ndipo ikaeleweka. Ajali ya mwisho, ya Yakima, Washington, ilitokana na kihesabio cha baiti moja kilichorudi sifuri kila mzunguko wa 256 na kuruka ukaguzi wa usalama.

Jambo la kuzingatia zaidi ni hili: mashine iliyotangulia, Therac-20, ilikuwa na kosa linalofanana. Haikuua, kwa kuwa ilikuwa na vizuizi vya umeme na vya mitambo vilivyokata mionzi hata programu ikikosea. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa na kazi yake ikakabidhiwa kwa programu. Nancy Leveson na Clark Turner waliuchambua mkasa huo kwa kina mwaka 1993, na uchambuzi wao ungali unafundishwa.

8. Wajibu wetu

Arusha ina hazina kwa kazi hii. Chuo cha Ufundi Arusha kimekuwapo tangu 1978, Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru, na TEMDO, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, hubuni na kutengeneza vifaa vya hospitali hapahapa jijini. Vijana wenye uwezo wa kusoma mchoro wa muda wa baiti wapo. Kinachohitajika ni wao na wauguzi kuzungumza lugha moja.

Hata hivyo, fundi wa hospitali asibadilishe kwa siri programu ya kifaa kinachohudumia wagonjwa, hata akiwa na hakika ya tiba yake. Kifaa kiondolewe katika huduma na kuwekewa alama, mtengenezaji au wakala wake aarifiwe kwa maandishi, na tukio lenye madhara au hatari liripotiwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ripoti moja kutoka wodi moja inaweza kuwalinda wagonjwa wa hospitali zote zenye kifaa cha aina hiyo.

Muhtasari

Programu endeshi hupokea namba kutoka kwenye kifaa na kuzipanga. Ikitegemea muda wa kudhaniwa, inaweza kupoteza baiti na kuonyesha namba inayoaminika lakini ya uongo. Mapigo yaliyohesabiwa kwa mkono na skrini ya kifaa chenyewe ni mashahidi wawili wa karibu. Tiba ni kutambua pakiti kwa alama yake, kuipa kila namba muhuri wa wakati, na kuifuta namba iliyopitwa.

Maswali ya kujipima

1. Kasi ikiongezwa kuwa biti 19,200 kwa sekunde, huku pakiti zikibaki 60 kwa sekunde, kimya kati ya pakiti kitakuwa cha milisekunde ngapi?

2. Katika kisa cha baiti iliyopotea, eleza kwa nini kengele ya oksijeni ndogo ilinyamaza, na taja vipimo viwili vya kando ya kitanda ambavyo vingelifichua kosa.

3. Kwa nini kuongeza ukubwa wa hifadhi bila muhuri wa wakati kunaweza kumdhuru mgonjwa?

4. Orodhesha vifaa vilivyounganishwa na kompyuta katika kituo chako. Kwa kila kimoja, jaribu kukiondoa kihisi kwenye kidole cha mtu mwenye afya, uhesabu ni sekunde ngapi namba hubaki skrinini. Jadili na wenzako kama muda huo unafaa kwa wagonjwa mnaowahudumia.